Bei ya Pikapu ya Maskati

Vijana wangu wa forodha, mnanijua, mimi si mtu wa hotuba. Siku ile ya kuniaga mlinipa mashine ya kukatia majani, mkasema niongee machache, nikasema asanteni nikakaa. Mkacheka. Baadaye yule binti wa uthamini akanifuata na sahani yake ya pilau: "Mzee Yohana, hivi zamani bila kompyuta mlikuwa mnajuaje bei ya gari?" Nilimjibu nusu nusu kwa sababu pilau langu lilikuwa linapoa. Sasa muda ninao, tena mwingi, na majani ya kukata sina, maana nyumba yangu ya hapa Kibiti imezungukwa na mchanga mtupu. Basi nimjibu vizuri. Ila nimtahadharishe mapema kwamba nikianza habari ya bei za magari nitaishia kwa Bi Zuhura wa Mbwera na kaka yake, na habari ile bado imenikwama kooni.

Nilianza kazi bandarini Dar es Salaam, wakati nchi ndiyo kwanza inaingia kwenye mambo ya ruksa. Kabla ya hapo gari jipya lilikuwa jambo la wizara. Uwe na hela, usiwe nazo, bila kibali na bila benki kukupa fedha za kigeni, gari utaliona kwenye kalenda tu. Halafu tukaambiwa mwenye fedha zake huko nje, au mwenye ndugu wa kumletea, ruksa, alete. Loo! Bandari ilifurika. Magari ya Japani, ya Dubai, ya Maskati, mapya, makuukuu, mengine usukani uko kushoto. Mlango wa kibali ulifunguliwa, lakini serikali nayo haikulala, ikaweka mlango mwingine wa kodi. Mimi nikawa mmoja wa mabawabu wa mlango huo wa pili.

Siku ya kwanza nilikabidhiwa kwa Mzee Kibwana, mtu wa Bagamoyo, ambaye alikuwa ndiye mthamini wa magari wa siku nyingi kuliko wote. Mimi nilikuja na kalamu mbili na suruali iliyopigwa pasi ya mkaa, nikitegemea kupewa meza. Akanipeleka yadi kwenye jua, akafungua mlango wa gari, akasema, "Ingia, nusa."

"Ninuse nini, mzee?"

"We nusa tu. Ukishaijua harufu ya upya, makaratasi yatakuwa ya kukusaidia."

Hakuwa anatania. Gari kuukuu lililipiwa kidogo kuliko jipya, kwa hiyo watu walikuwa wanalizeesha gari jipya likiwa njiani. Walilipaka tope, walisugua viti kwa msasa. Kuna tajiri mmoja alifuga kuku ndani ya gari safari nzima ya meli, tukafungua mlango tukakuta na mayai. Mzee Kibwana aliinua zulia la chini, akanusa, akasema, "Kuku ni wazee. Gari ni jipya." Akaandika jipya. Mayai nayo tuliyaandika, kwa sababu hayakuwemo kwenye orodha ya mizigo.

Habari za bei alinifundisha kwa kutumia gari moja tu, pikapu ya tani moja, ile ambayo kila mtu alikuwa anaitaka. Alikuwa anaipiga kofi kwenye boneti huku anaongea. "Yohana, hii imetoka kiwanda kimoja, bati moja, rangi moja. Ikishuka Dubai au Maskati, wenzetu wana mafuta, hawana shida na mtu wa pikapu, wanamtoza kidogo apite zake. Kule hata mwalimu wa shule anayo. Ikishuka Unguja wanamtoza, ila wanamtoza kwa huruma. Ikishuka hapa sasa..." Hapo alikuwa anafungua mikono yote miwili kama mtu anayepokea gunia.

Maana hapa kwetu tulichukua bei ya kununulia, tukaongeza nauli ya meli na bima, tukatoza ushuru wa forodha, halafu juu ya mkusanyiko wote huo, ushuru ukiwa humo humo ndani, tukatoza kodi ya mauzo. Yaani kodi yenyewe ikatozwa kodi. Pikapu ile ile ikifika getini, bei yake ni ya pikapu mbili na bado. Wale waliosajili Unguja kwa bei nafuu, wakitaka kuvusha gari kuja bara, waliambiwa walipe tofauti. Haikupita wiki bila mtu kupiga kelele dirishani: "Nchi moja hii, rais mmoja, gari moja, bei mbili za nini?" Mzee Kibwana alimjibu kwa upole kabisa, "Hilo mpelekee rais. Mimi niletee risiti."

Na hili la mwisho lishikeni, maana habari yangu yote imekaa hapa. Tulikuwa na kitabu cha bei za magari kutoka viwandani, kinakuja kwa meli, kimechelewa, kimeshikwa na watu wengi mpaka jalada limetoka. Mteja akileta risiti yake tunailinganisha na kitabu. Kati ya bei hizo mbili, ile iliyo kubwa ndiyo tunayoitoza. Sheria hiyo iliwekwa kwa sababu kila mtu alikuja na risiti ya kushushwa. Muuzaji wa Dubai alikuwa anamuuliza mteja, "Nikuandikie ngapi?" Mzee Kibwana alikuwa anasema tangu aanze kazi hajaona risiti iliyokizidi kitabu. Tulicheka. Nani angekuwa na wazimu huo?

Baada ya miaka michache wakanihamishia Kibiti, enzi hizo bado iko chini ya wilaya ya Rufiji. Kazi yangu ilikuwa bandari bubu. Bidhaa za Unguja, redio, mafuta ya kula, vitenge, mabati, zilikuwa zinaingia kwa vijito vya delta, zinashushwa kwenye mikoko ya Mbuchi na Mbwera, asubuhi unazikuta dukani Kibiti zimepangwa vizuri na mwenye duka anakuamkia. Mimi mtu wa Tukuyu, nimezaliwa kwenye baridi na migomba, maji niliyoyajua ni ya mvua. Wakanipa kibanda pale Nyamisati boti zinapotia nanga, na boti yenye injini iliyowaka ikipenda. Wenyeji waliniita Bwana Ushuru. Walikuwa wakarimu mno. Walinilisha samaki, walinifundisha kuogelea, na hawakunionyesha hata siku moja mzigo unashukia wapi.

Isipokuwa Bi Zuhura. Huyu alikuwa mfanyabiashara wa mchele na kamba wakavu, mwenyeji wa Mbwera, katika ukoo wa wale waliofanya biashara ya mtoni tangu enzi za babu zao. Alikuwa na nyumba nyingine Kibiti, nyuma ya msikiti. Yeye kila akitoka Unguja alikuja na boti yake mpaka mbele ya kibanda changu mchana kweupe, anashusha vitu vyake, anakaa juu ya gunia, anasubiri nikague. Wenzake walimwona hamnazo. Siku ya kwanza nilimwamkia, "Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Jina lako nani?"

"Yohana."

"Ah, Yahya."

"Yohana, mama."

"Si ndiye huyo huyo! Kwetu sisi Yahya." Basi nikawa Yahya, mpaka leo kuna watu hapa Kibiti hawajui jina langu jingine.

Siku moja akaja kibandani hana mzigo, ana bahasha tu, na uso wote unacheka. Kaka yake, Bwana Nasoro, alikuwa amemletea gari. Huyo kaka ndiye aliyemlea baada ya wazazi wao kufariki, halafu akiwa kijana akaondoka kwenda Maskati na kanzu moja, na tangu hapo hakuwa amerudi. Alifanya kazi ya ustoo huko maisha yake yote. Alipostaafu, kiinua mgongo chake akanunua pikapu mpya, nyeupe, akaitia melini kuja Dar es Salaam kwa jina la dada yake. Bi Zuhura akanisomea barua: "Miguu inanivimba, dada, na daktari haniambii la maana. Nikijaaliwa nitakuja kukuona mara moja kabla sijafa, nawe uje unipokee kwa gari lako mwenyewe, usinipokee kwa gari la watu." Aliposoma hapo aliikunja barua, akaifunga kwenye pindo la kanga.

Kibiti nzima ilicheka. "Mtu wa Mbwera na gari wapi na wapi! Atalipitisha juu ya mikoko?" Mbwera ni visiwa na vijito, barabara hakuna hata ya baiskeli. Bi Zuhura alikuwa anawajibu, "Nitalifunga kamba, nilivute na mtumbwi. Nyie mtasukuma." Lakini alikuwa na hesabu zake. Gari lingekaa Kibiti, likabebe mchele na kamba kutoka Nyamisati mpaka mjini, na siku kaka akija, limfuate.

Aliniomba nimsindikize bandarini kwa kuwa nilikuwa mtu pekee wa forodha aliyemjua. Nilikwenda kwa furaha. Nilishapiga mahesabu yangu kichwani kwa bei ya kitabu, nikaona ni mzigo mzito, ila akiuza mchele wote wa msimu na akakopeshwa na ndugu, anaweza kuligomboa. Tukamkuta Mzee Kibwana, amebakiza muda mfupi astaafu. Akafungua mlango wa pikapu, akanusa, akatabasamu. Usukani kushoto, nailoni bado iko kwenye viti. Kisha akachukua risiti, akafungua kitabu, akatazama huku, akatazama kule, akavua miwani.

"Yohana," akasema, "njoo uone wazimu wenyewe."

Risiti ilikizidi kitabu. Haikuzidi kidogo. Bei iliyoandikwa pale ingenunua pikapu hiyo na nusu ya nyingine.

Nikamuuliza Bi Zuhura kama kuna makosa ya uandishi. Akaichukua, akaisoma, akacheka kwa kujisikia. "Hapana, hakuna makosa. Huyu ndiye kaka yangu hasa. Alimwambia muuzaji aandike hivyo." Akanieleza kwamba kwao zawadi haitajwi kwa bei ndogo. Baba yao aliwalea hivyo. Ukimpa mtu kitu unakitaja kikubwa, ili aliyepewa aonekane anathaminiwa. Na kweli mimi mwenyewe nilishayaona harusini Mbwera. Mtangazaji wa tunza anasimama na doti mbili za kanga, anatangaza nne, vigelegele vinapigwa, na hakuna mtu anayehesabu. Bwana Nasoro aliona haya dada yake akabidhiwe karatasi iliyosema gari lake ni la bei rahisi. Maskati bei ya juu kwenye karatasi haimdhuru mtu. Kule wanatoza kidogo, wala hawatozi zaidi kwa ajili ya heshima. Masikini, hakujua kwamba karatasi ile ikivuka bahari inageuka kuwa kitu kingine.

Mzee Kibwana alijaribu. Alikwenda kwa mkubwa wetu, akamwambia bei hii haiwezekani, anaijua pikapu hii tangu bolti mpaka boneti, tutumie kitabu. Mkubwa hakuwa mtu mbaya. Alisoma faili lote, akasema, "Kitabu ni cha kuwakamata wanaoshusha. Huyu mwenye mali ametangaza mwenyewe. Sisi ni nani tumshushie?" Akasema njia ni moja, muuzaji wa Maskati alete risiti nyingine yenye bei ya kweli, na barua ya maelezo kutoka kwa mnunuzi.

Tulitoka nje, tukakaa kwenye kivuli cha ukuta. Nilimweleza taratibu. Nikamwambia andika barua, mama, ni jambo dogo, aandike bei aliyonunulia kweli.

"Jambo dogo?" Sikuwahi kumwona amekasirika kabla ya siku ile. "Yahya, mwanangu, kaka'angu kanilea kwa mikono yake. Kaondoka hana kitu. Maisha yake yote hii ndiyo zawadi aliyoniletea. Leo nimwandikie kwamba, kaka, zawadi yako imenishinda, hebu ishushe bei?"

"Si kuishusha, mama. Ni kusema kweli tu."

"Kweli ya nani? Ya kitabu chako kile kisicho na jalada?"

Mnaweza kusema alikuwa mkaidi. Mimi nilisema hivyo siku nyingi, njia nzima ya kurudi Kibiti nilikuwa nasema hivyo moyoni. Lakini alihangaika, wallahi alihangaika. Aliuza mchele wote, akauza kamba kabla hawajakauka vizuri, akauza bangili za mama yake. Kila alipokaribia kufika, ada ya kuhifadhi gari yadi ilikuwa imeongezeka, na shilingi nayo inashuka thamani kila kukicha. Ilikuwa kama kujaza maji kwenye kikapu. Muda wa kisheria ukaisha, gari likapangiwa mnada.

Hapo nilipata matumaini tena. Kwenye mnada hakuna risiti wala kitabu. Pikapu huwa zinakwenda kwa hela chache kuliko hata kodi tuliyokuwa tunamdai. Nikakimbilia nyuma ya msikiti nikamwambia, "Bi Zuhura, hela uliyonayo inatosha. Twende mnadani ukalinunue."

Alikuwa anachambua mchele kwenye ungo. Hakuinua uso. "Zawadi hainunuliwi, Yahya. Nikilinunua litakuwa gari langu, halitakuwa la kaka."

Aliyelinunua ni Bwana Temu, mwenye duka la simenti na mabati hapa hapa Kibiti. Mtu wa Kilimanjaro, mcheshi, mchapakazi, hakuwa na hila yoyote. Alikwenda mnadani kama wengine, akarudi na pikapu nyeupe, na juma lile lile akaiandika jina la duka milangoni kwa rangi nyekundu. Nilipoiona imepaki pale stendi, roho iliniuma sana. Nilikuwa nimeshakagua magari mengi ya waongo. Waongo wote waliondoka na magari yao, wakanipungia mkono getini. Huyu aliyekosa ni mtu pekee niliyewahi kumwona ambaye hakutaka kuiibia serikali hata senti. Mzee Kibwana aliponiandikia kunijulisha amestaafu, mwisho wa barua aliuliza, "Yule mama wa pikapu, kaka yake alishakuja?"

Alikuja. Ilipita kama miaka miwili hivi, Bi Zuhura akapata habari kwamba Bwana Nasoro amepata tiketi. Akaenda dukani kwa Bwana Temu, akaniomba nami niwepo, nadhani alihitaji mtu wa kumpa moyo. Akamwambia Temu kila kitu, bila kuzunguka. Akasema anataka kulikodi gari kwa siku mbili, na kama inawezekana, yale maandishi ya milangoni yafunikwe.

Bwana Temu alimsikiliza mpaka mwisho. Akafuta simenti mikononi. "Mama, dereva unaye?"

"Sina. Nitatafuta."

"Basi dereva ni mimi."

Alipaka milango rangi nyeupe kwa mkono wake, na hela ya kukodi akakataa. Tukaenda uwanja wa ndege sisi watatu, tajiri wa Kibiti kavaa kofia ya udereva, Bi Zuhura kavaa buibui jipya, nami nyuma kwenye bodi na kiti cha plastiki. Bwana Nasoro alitoka akiegemea fimbo, mwembamba, kanzu inameremeta. Walishikana mikono, wanatazamana, na dada mtu akawa analia bila sauti. Kisha mzee akageuka, akaliona gari.

"Ndilo hili?"

"Ndilo, kaka."

"Mashallah." Akalizunguka lote na fimbo yake. Alinitaka nikae naye mbele, tubanane, kwa sababu alishaandikiwa kwamba bwana wa forodha alimsaidia sana dada yake. Bi Zuhura akasema yeye atakaa nyuma apate upepo. Tukamkatalia, tukabanana wanne, kila mtu goti lake liko mahali pasipopaswa. Njia ya Kibiti wakati ule mnaijua, au hamuijui, ilikuwa mashimo na mchanga kutoka Mbagala mpaka mwisho. Bwana Temu akiambiwa "polepole, dereva" anaitikia, "Ndiyo, Bibi."

Tulipopita Mkuranga, Bwana Nasoro akaniuliza, "Serikali yenu ilimtoza sana?"

Nilifungua mdomo. Bi Zuhura alikuwa wa kwanza. "Walinipa heshima yangu, kaka. Walitazama karatasi, wakasema huyu ana mtu."

Mzee akacheka, akanipiga begani. "Nilijua! Nikwambie siri, bwana forodha? Ile bei niliipandisha. Nilinunua kwa nusu na kidogo tu. Nikamwambia muuzaji, weka juu, nisije nikamvunjia dada yangu uso mbele ya maofisa." Akageuka kumtazama Bi Zuhura. "Ilisaidia, siyo?"

"Ilisaidia," akasema Bi Zuhura.

Nilitazama nje dirishani. Mpaka leo najiuliza kama palikuwa na neno lolote la kusema mle ndani ya gari, na kila nikilitafuta silipati. Bwana Temu alikuwa ameushika usukani kwa mikono miwili, anakwepa mashimo kwa makini kuliko nilivyowahi kumwona.

Bwana Nasoro aliuliza jambo moja tena, tukiwa tumekaribia. Aliuliza kama gari litafika mpaka Mbwera nyumbani. Dada yake akamwambia litafika Nyamisati, halafu mtumbwi. Akasema, "Kumbe barabara haijafika bado." Alikaa mwezi mmoja, akarudi Maskati kwa wanawe. Bwana Temu akaandika tena jina la duka lake milangoni, safari hii herufi ndogo ndogo.

Sasa ndipo mambo yakaanza upya. Mwenye gari hutunza gari, na Bwana Nasoro alitaka gari la dada yake litunzwe. Kila baada ya muda, boti ya Unguja ilileta sanduku. Plagi, mikanda ya feni, vichujio vya mafuta, taa za mbele. Na ndani ya kila sanduku risiti iliyopandishwa, kwa mapenzi yote. Bi Zuhura angeweza kulishushia sanduku popote kwenye mikoko, kila mtu alifanya hivyo. Yeye alilileta kibandani kwangu, anakaa juu ya gunia, anasubiri. Nilifungua kitabu cha bei za vipuri, nikatazama risiti, nikamtoza ile iliyo kubwa, kwa vipuri vya gari ambalo hana. Kisha anachukua sanduku, analipeleka kwa Bwana Temu, anamwambia, "Kaka kaleta plagi."

Bwana Temu alizifunga zote. Mchele na kamba wa Bi Zuhura alivibeba bure kutoka Nyamisati, miaka yote, na kila alipotaka kulipaka gari rangi nyingine alikwenda kwanza kumuuliza, naye alisema hapana, liwe jeupe, kaka akija tena atalitafuta jeupe. Watu wakiliona pale stendi walisema Mchaga yule anajua kutunza gari. Ndiyo, alijua.

Siku ya sanduku la mwisho ilikuwa baada ya mvua, maji yamejaa, na kibanda changu kinavuja. Bi Zuhura alikuwa ameshaanza kuzeeka, mabaharia walimshika mkono kumshusha. Ndani ya sanduku mlikuwa na shokomzoba mbili. Nikatoa risiti, nikafungua kitabu, nikafuata mstari kwa kidole. Nikarudia. Bei ilikuwa sawasawa na kitabu, yaani ile hasa. Nilifurahi jamani! Miaka yote ile nilikuwa namtoza mama yule huku nimeuma meno. Nikasema kwa sauti, "Bi Zuhura, leo nafuu! Leo kaandika bei ya kweli!"

Hakucheka. Akanyoosha mkono, nikampa karatasi. Akaitazama muda mrefu, akaigeuza nyuma, akaigeuza mbele.

"Nani kaandika hii?"

"Muuzaji, mama. Kama siku zote."

"Kaka'angu hawezi kukubali bei hii." Akakaa juu ya sanduku lenyewe. "Hii wameandika watoto. Kaka hayupo, Yahya."

Nikamwambia asiwaze mabaya, labda mzee amepumzika, amewaagiza wanawe. Alitikisa kichwa tu. Barua yenyewe ya msiba ilikuja na boti iliyofuata, na ilisema alilolisema yeye. Kaka mtu alikuwa ameagiza shokomzoba akiwa kitandani, na wanawe wakamalizia.

Lakini hiyo barua ilikuwa bado. Pale kibandani tulikuwa na karatasi ile ya bei ndogo tu, na matone yanayodondoka kwenye meza. Alipangusa uso kwa kanga, akanirudishia.

"Andika ile bei yake."

"Mama?"

"Bei ambayo angeandika kaka. Unaijua. Andika hiyo, nilipe hiyo."

"Bi Zuhura, sheria..."

"Sheria yenu si ile iliyo kubwa ndiyo mnayotoza? Mimi ndiye mwenye mali, ninatangaza mwenyewe." Akafungua pindo la kanga alimofunga hela. "Wewe ni nani unishushie?"

Sikujua kama aliyakumbuka maneno ya yule mkubwa wa bandarini au yalimjia tu. Nilichukua kalamu. Niliandika bei ya Bwana Nasoro, kubwa kama alivyopenda, nikapiga mhuri, na Bi Zuhura akalipa yote.